Mwili Ule Ule

Maji yalikuwa yamemfika kiunoni, kwaya imeshamaliza wimbo, na fundi cherehani alikuwa bado hajajibu.

"Mama," mchungaji alimnong'oneza, akiwa amesimama naye ndani ya birika la ubatizo, "sema tu 'naamini'."

Watu walidhani kilio kimemzidi. Nani asingeelewa? Mumewe, mzee wa kanisa aliyekuwa akipiga kengele kila Jumapili, alizikwa mwaka uliopita, na mjane ndiyo kwanza anabatizwa. Enzi za uhai wake, mume alikuwa akisimama mbele ya waumini na kumwombea mkewe kwa machozi, Mungu amlainishe moyo. Lakini kila Pasaka ilipokaribia, mke aliugua. Mara jino, mara mbavu, mara kateleza bafuni. Ubatizo ukaahirishwa, waumini wakazidi kumhurumia mume.

"Kaka yangu alikuwa malaika," wifi yake alipenda kusema. "Mwanamke hajamzalia hata paka, na bado hakumwacha."

Baada ya mazishi, fundi alianza mafundisho mwenyewe, bila kuvutwa na mtu. Alifunga cherehani mapema, akawahi benchi la mbele. Wenzake waliuliza juu ya zaka na pombe. Yeye alikuwa na lake moja tu.

"Mchungaji, tukifufuka, ni kwa mwili huu huu?"

"Huu huu, mama, ila umetukuzwa. Bwana Yesu alitoka kaburini na mwili wake. Hata makovu yalionekana."

"Kwa hiyo mtu wako unamtambua."

"Unamtambua kabisa."

"Naye anakutambua?"

"Anakuita kwa jina."

Mchungaji alimwona anavyoung'ang'ania ukingo wa benchi, akasema moyoni: huu ndio upendo wenyewe. Jumapili iliyofuata akamtolea mfano mimbarani. Wapo wanaoitamani mbingu kwa ajili ya dhahabu yake, alisema, lakini mama huyu anamtafuta mumewe. Kanisa zima likajifuta machozi. Fundi aliangalia sakafu.

Siku nyingine alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Alitaka kujua kama mzee wake alikuwa na hakika ya mbingu.

Mchungaji akacheka. "Mama, kama yule hakuipata, sisi wengine tufunge virago! Alitubu kitandani, mkono wake nimeushika mimi. Kasamehewa yote."

"Yote?"

"Yote. Msalaba haubakizi deni."

Fundi akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Wiki hiyo akajishonea kanzu nyeupe ya ubatizo, mishono midogo midogo, ya kubembeleza, kama anamshonea bibi harusi. Wifi yake alipoiona aliangua kilio.

"Kaka akikuona hivyo siku ile, wifi yangu, atakukimbilia!"

Sindano ikamchoma fundi kidole. Akakinyonya kwanza.

"Ndiyo," alisema. "Atanikimbilia."

Na sasa, ndani ya birika, mchungaji alikata shauri kurudia swali, safari hii kwa sauti ya kufika hadi mlangoni.

"Je, unaamini ufufuo wa wafu na uzima wa milele?"

"Naamini," fundi alijibu.

Shangwe zikapasuka. Vigelegele, makofi, mtu akaanza kuipiga ngoma kabla ya wakati. Wifi yake alikuwa tayari kwenye ukingo wa birika, taulo mikononi, machozi mpaka kidevuni. Mchungaji akampitishia fundi mkono mgongoni ili amzamishe.

Fundi akautoa ule mkono taratibu, bila hasira, kama mtu anayejitoa kwenye mwiba. Akageuka, akashika ngazi, akaanza kupanda. Kanzu ilimganda mwilini, maji yakimchuruzika. Ngoma ikanyamaza.

"Mama, unakwenda wapi?" mchungaji alimaka. "Si umesema unaamini?"

"Naamini kila neno ulilonifundisha, mchungaji. Ndiyo maana natoka."

Akalipokea taulo, akamtazama mwenye kulileta.

"Wifi, watoto wa kaka yako nimewazika mwenyewe, kila alipomaliza kunipiga mateke ya tumbo. Mbingu aliyomo yeye, mimi siingii."