Mlango wa Dharura wa Panya Buku

Panya Buku alikuwa na duka la karanga ndani ya kichuguu. Ndilo lililokuwa riziki yake yote, naye aliogopa moto kuliko mwewe. Akachimba mlango wa dharura uliotokea mtoni.

"Moto ukiwaka, nateremka moja kwa moja majini," alimwambia jirani yake, Kobe.

"Na mto ukijaa?"

"Maji hayaunguzi, mzee wangu!"

Masika yakaja, mto ukajaa, maji yakapanda kwa mlango ule ule, yakazoa duka zima.

Kobe alimkuta Buku amelowa chapachapa, amekumbatia karanga moja iliyobaki.

"Pole, jirani. Yaliingilia wapi?"

"Mlango wa dharura. Nilisahau kubandika kibao cha 'Kutoka Tu'."

Akaipasua ile karanga, akampa Kobe nusu. Kobe alitafuna taratibu, akangoja Buku aanze kucheka, ndipo naye akacheka.