Kikohozi cha Baba

Kila duka lilisomewa ripoti yake na mashine alfajiri, kwa sauti ya mwenye akaunti. Ndiyo maana Chande, mwokaji mikate, aliendelea kumsomea mkewe mauzo ingawa yeye mwenyewe alikuwa kaburini kwa mwaka wa pili. Kila alipofika penye hasara alikohoa kwanza, kama enzi za uhai wake, na Bi Mwanakombo akamjibu, "Pole, mume wangu."

Kisha akaunti zote zikahamishiwa kwenye hifadhi mpya isiyopokea sauti za marehemu. Binti yao, Zamoyoni, akaketi jikoni kuunganisha ripoti upya: mauzo, unga, gesi. Kwenye nafasi ya msomaji akaweka sauti yake mwenyewe.

"Na baba yako atatupataje huko, mwanangu?"

"Mama, ni ripoti tu," alisema Zamoyoni bila kumtazama usoni.

Alfajiri sauti yake ikasoma mauzo ya mikate na skonzi bila kuyumba. Ilipofika kwenye unga ulioharibika, ikakohoa. Kilikuwa kikohozi kile kile kizito cha baba, kikitoka kwenye koo la binti.

Zamoyoni akajishika shingo.

"Pole, mume wangu," mama akasema, akimtazama yeye.