Chakula cha Paka Mzima

Mkono wangu ulikuwa umeshashika mfuko wenye picha ya kitoto cha paka muuzaji aliponizuia.

"Kaka, huyu wako bado mtoto kweli?"

Nilimtazama paka wetu. Tumbo lake lilijaza kikapu chote nilichombebea.

"Mke wangu aliniambia nisimbadilishie chakula mpaka arudi."

"Na shemeji anarudi lini?"

Niligeuza mfuko nikaanza kusoma maandishi ya nyuma.

"Basi huyu atapasuka akimsubiri," akasema. "Chakula cha watoto kina mafuta mengi. Mpe cha wakubwa. Kina nyama ya kutosha na mafuta ya kiasi. Umpimie asubuhi na jioni, akilia usimwonee huruma."

Nilitaka kumwambia ashike lake. Badala yake nikamkuna paka shingoni, pale mke wangu alipomfunga utepe mwekundu asubuhi aliyoondoka. Nikajaribu kupenyeza kidole chini yake. Hakikupita. Utepe ulikuwa umezama kwenye manyoya, na fundo lilikuwa bado lile lile, dogo, la mikono yake.

Nikaurudisha mfuko wa watoto kwenye rafu.

"Nipe hicho cha wakubwa," nikasema. "Na mkasi, kama unao."