Goti la Bi Mwanasha

Siku hizi mlango wa nyumba hupima afya, na haumruhusu kutoka mtu mwenye uvimbe au homa mwilini. Goti la Bi Mwanasha lilikuwa limevimba kwa kupikia matanga ya mumewe, na leo ndiyo hitima yake.

"Nipe manjano kidogo nitie kwenye maziwa, uvimbe upungue," aliliomba kabati la jikoni.

"Pole, bibi. Unameza dawa ya kuzuia damu isigande. Manjano yanaweza kukutoa damu," kabati likajibu, lisifunguke.

Wifi yake akaita dirishani: "Mwanasha! Kaka yangu anasomewa, nawe umejifungia kama mwali?"

"Nimefungiwa, wifi."

"Basi likande hilo goti!"

Alilikanda kwa maji ya moto mpaka vidole vikamwiva. Huko uani kisomo kikafika kwenye dua. Bi Mwanasha akaweka kiganja mlangoni, akaitikia amina. Mlango ukahisi joto la kiganja, ukadhani ni homa, ukajitia komeo la pili.