Mlango Usionijua

Sheria inataka kila nyumba iwe na chumba cha zege cha kujifungia king'ora cha hatari kinapolia. Chetu nilikijenga mimi. Miezi minne nilisuka nondo na kuchanganya zege kwa mikono, huku kaka yangu Mkumbo amekaa kwenye kiti akiniambia, "Hapo bado, dada."

Jana fundi wa mlango alikuja kusajili vidole vyetu, maana mlango hufunguka kwa alama za vidole tu. Vya Mkumbo vilisomwa mara moja. Vyangu vimeliwa na saruji, alama zimefutika, na mashine ilivikataa mara saba.

"Laini kama kijiko," Mkumbo alicheka. "Umezaliwa leo?"

Fundi akaniandika mimi na mwanangu, ambaye bado mdogo mno kusajiliwa, kwenye orodha ya vitu vya ndani, chini ya godoro na mtungi wa gesi.

"Usinune," Mkumbo akasema. "Mimi si nipo? Nitawafungulia."

Ving'ora vya hapa hulia mchana. Mchana Mkumbo yuko kazini, mwendo wa saa mbili.

Leo alipoondoka nilichukua nyundo na tindo, nikaanza kuutoboa ukuta wangu mwenyewe. Nilipiga kwa hasira tangu asubuhi. Zege langu ni zuri mno. Kufika saa sita nilikuwa nimeng'oa kokoto tatu.