Kigoda Kilichosimamishwa

Kitendawili! Kwao hulazwa kikimngoja mwenyewe, ugenini husimamishwa kitazamwe. Hujui? Haya, nipe mji. London? Nimeupokea. Jibu ni kigoda cha Kiashanti, kutoka Ghana.

Kilitolewa kwenye kabati la kioo la makumbusho, kikawekwa mezani. Mwanasiti wa Mombasa alimtazama mumewe, mzee wa Kumasi, akivua glavu alizovishwa. Kigoda kilikuwa cha bibi wa mama yake mzee huyo, kikatekwa na Waingereza katika vita vya Yaa Asantewaa, mwaka 1900.

Mbao ilikuwa imebonyea pale alipozoea kukaa yule bibi. Mzee akapapasa hapo, kisha akakilaza ubavu.

"Jamani, kitakwaruzika!" Mama msimamizi wa makumbusho alikisimamisha.

"Mama, kwetu kiti kitupu hulazwa, roho ya mgeni isije ikakikalia." Mzee akakilaza tena.

"Hapa tuna sheria zetu. Tutawaazima miaka mitatu, kikae Kumasi, kisha kirudi. Mnakubali?"

Mzee alimgeukia mkewe.

"Twende zetu, baba Abena," Mwanasiti alimnong'oneza kwa Kiswahili alichomfunza mwenyewe. "Mwizi gani huyu wa kukuazima chako?"

Lakini mzee alikuwa amemwahidi mama yake kwamba atakirudisha nyumbani, na kifua chake mwenyewe kilichokuwa kikikoroma hakikuwa na miaka ya kungoja.

Msimamizi alikisimamisha kigoda mara ya pili. Safari hii mzee hakukigusa. Alizivaa glavu, kidole kimoja kimoja.

"Ndiyo, mama," akasema. "Naomba mniazime."