Mafiga ya Kilimani

Mwongozaji aliwasimamisha wageni kileleni, penye mafiga matatu yaliyozungushiwa kamba.

"Hapa waliishi watu wa kale," alisema. "Haijulikani walikwenda wapi."

Nyuma yao alikuwepo Teresia, bibi kizee aliyekuwa amepanda kilima peke yake tangu asubuhi. Aliinama, akapita chini ya kamba, akaweka kiganja juu ya figa la kushoto. Ule ufa wa siku walipoamriwa wahame, mama yake akauzima moto kwa maji na jiwe likapasuka, bado ulikuwepo.

"Shosho, hairuhusiwi kugusa!"

"Tulihamia Kanja," Teresia akamjibu. "Si mbali."

Wageni wakamtazama. Mwongozaji akatoa kalamu polepole.

"Mko wangapi sasa, shosho?"

Teresia hakuuondoa mkono jiweni.

"Andika mmoja."